Utalii wa Mashamba na Utamaduni Kwale: Bei Ipangwe Kabla ya Mgeni Kufika

(Maelezo haya yaliandaliwa kwa ajili ya baraza za vikundi vya wakulima, akina mama, vijana na wazee wa kaya katika Kaunti ya Kwale. Yanachapishwa hapa kwa faida ya wale ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria.)



Anayetoka Ukunda kuelekea ufuo wa Diani hupita hoteli baada ya hoteli, na nyingi kati yake zimeezekwa kwa makuti. Makuti hayo husukwa vijijini. Kila kiungo hushonwa kwa mkono juu ya kijiti, hufungwa mizigo, kisha huja lori kuchukua. Mgeni hulala chini ya paa hilo wiki mbili, halafu hurudi kwao bila kumwona aliyelisuka. Amekunywa madafu bila kuona mkwezi akipanda. Amechezewa ngoma kando ya bwawa la kuogelea wakati wa chakula cha jioni, nayo ngoma yenyewe imefupishwa ikawa ya dakika kumi na tano. Kilomita chache kutoka mezani pake kuna mama anayekuna nazi kwa mbuzi, baba anayechoma korosho, na mzee anayejua jina na dawa ya kila mti ulio nyuma ya nyumba yake. Hao hawakupata hata shilingi kutokana na safari ya mgeni huyo, isipokuwa ile bei ya makuti.

Utalii wa mashamba na utamaduni maana yake ni hii: mgeni anatoka hotelini, au anatoka Nairobi na watoto wake, anakuja kijijini kutazama kazi inayofanyika kila siku, na analipia muda na ujuzi wa wanaoifanya. Haihitaji kujenga hoteli. Haihitaji kuuza ploti. Inachohitaji ni makubaliano ya wanakijiji wenyewe juu ya mambo matatu: nini kitaonyeshwa, kwa bei gani, na pesa zitamfikia nani. Vikundi vingi huanza na mgeni, vikayaacha makubaliano yaje baadaye. Matokeo yake ni kwamba dereva wa gari ndiye anayepanga bei, na kijiji kinabaki kugombania bakshishi.

Kwale ina mfano wake, na wala si wa kuazima. Kusini mwa Diani, karibu na ufuo wa Galu, uko msitu wa Kaya Kinondo, takriban hekta 30 za miti iliyolindwa na Wadigo kwa vizazi. Mwaka 2008 shirika la UNESCO liliiweka misitu mitakatifu ya kaya za Mijikenda katika Orodha ya Turathi za Dunia, na Kinondo ni mmoja wa misitu hiyo. Mwaka uliofuata, 2009, mila na desturi zinazoambatana na kaya ziliwekwa katika orodha nyingine, ile ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Watu hupenda kutaja orodha ya kwanza kwa sababu ina fahari. Ya pili inafaa kutajwa zaidi, maana inasema kwamba hatari ipo.

Mgeni anayefika Kinondo haingii msituni anavyotaka. Hufungwa kaniki nyeusi kiunoni kwanza, awe ni Mjerumani au ni mbunge. Huongozwa na mtu wa kijijini anayeyajua masharti. Haruhusiwi kuokota chochote, hata jani lililokauka. Kuna mahali pa kupiga picha na kuna mahali pasipopigwa picha. Ataelezwa kwamba katika kaya huwa kuna fingo, kile kilichofukiwa ardhini kuilinda kaya na watu wake, lakini hataonyeshwa mahali kilipofukiwa. Anaambiwa habari za makaburi ya wazee, anaonyeshwa mti wa dawa ya tumbo na mti wa dawa ya ngozi, na baada ya matembezi ya saa moja hivi anatoka, anaivua kaniki na kuirudisha.

Mtu anaweza kudhani kwamba masharti haya yote yatawafukuza wageni. Imekuwa kinyume. Wageni huyasimulia masharti kuliko miti. Aliyefungwa kaniki anajua kwamba ameingia mahali pa watu, mahali penye wenyewe, na hilo ndilo alilolipia. Wazee wa kaya hawakukaa na watu wa hoteli kuuliza wageni wanapenda nini. Walikaa wao kwa wao wakaamua lipi linaweza kuonwa na lipi halionwi, kisha wakafungua mlango kwa kiasi hicho.

Pale ambapo wenyewe hawakuamua, wengine waliamua kwa niaba yao. Jirani zetu wa Kilifi wanalijua hilo kupitia vigango, ile miti iliyochongwa ambayo Wagiriama huisimamisha kwa ajili ya wazee wao waliofariki. Kwa miaka mingi vigango viling'olewa usiku, vikauzwa kwa madalali wa sanaa, vikavuka bahari hadi nyumba za matajiri na majumba ya makumbusho ya Marekani. Kigango kimoja kilichoibwa mwaka 1985 kilirudishwa kijijini kwake mwaka 2007, baada ya watafiti kukitambua kwa picha ya zamani. Vingi havijarudi. Aliyening'iniza kigango ukutani huenda hakujua kwamba familia moja ilikuwa ikilia. Alichokiona ni bidhaa, kwa sababu ndivyo alivyoambiwa na muuzaji.

Kwa hiyo kikundi kinachotaka kuanza kazi hii kianze na kikao cha wazee na akina mama, na swali la kwanza liwe: ni lipi halionyeshwi? Sengenya ni ngoma ya furaha, inaweza kuchezwa mbele ya mgeni bila tatizo, na kayamba inaweza kupigwa hata na mgeni mwenyewe akitaka kujaribu. Lakini kifudu, kwa Wamijikenda wengi, ni ngoma ya msiba. Kuipiga saa nne asubuhi kwa sababu basi la watalii limefika ni kuwakosea waliofariki na waliobaki. Harusi ni ya wenye harusi. Uganga una wenyewe, nao ni juu yao kukubali au kukataa. Orodha ya yasiyoonyeshwa ikishakamilika iandikwe, kila mwongozaji aijue, na asiwepo mtu wa kuibadilisha kwa sababu ameonyeshwa noti ya elfu moja.

Sasa tuje shambani, maana hapo ndipo kaya nyingi za wakulima zitapata nafasi. Si kila kijiji kina msitu mtakatifu, lakini ni vigumu kupata kijiji cha Msambweni au Matuga kisicho na mnazi.

Mkulima wa kawaida hudhani shamba lake halina cha kuonyesha. Atasema, "Hii ni minazi tu." Lakini mtoto wa Nairobi, au wa Nakuru, mwenye miaka kumi na mbili, hajawahi kuona korosho ikiwa mtini. Ukimwonyesha bibo jekundu lenye korosho moja inayoning'inia chini yake, kama iliyosahauliwa nje, atashangaa, na baba yake aliyeshika simu atashangaa zaidi. Ukimweleza kwamba ganda la korosho lina mafuta yanayounguza ngozi, ndiyo maana huchomwa kwanza kabla ya kubanguliwa, ataelewa kwa nini korosho za dukani ni ghali. Tangu treni ya Madaraka Express ianze safari zake mwaka 2017, familia za bara zimekuwa zikija pwani kwa wingi wakati wa likizo, na sasa barabara ya Dongo Kundu inamfikisha mtu kusini bila kungoja feri ya Likoni. Mgeni anayetazamiwa si Mzungu peke yake. Mkenya analipa, anauliza maswali mengi, na akifurahi hurudi na ndugu zake.

Mnazi peke yake unatosha saa mbili. Mkwezi anapanda kwa zile ngazi zilizochongwa kwenye shina, anachagua kichala, madafu yanaanguka, kila mgeni anakunywa lake na kukwangua nyama yake kwa kijiko kilichokatwa kutoka kwenye ganda. Kisha nazi iliyokomaa inafuliwa kwa kifuo, ule mti wenye ncha uliosimikwa ardhini, na wageni wajaribu, kwa uangalifu. Mama anakaa juu ya mbuzi anakuna, tui linakamuliwa, la kwanza na la pili. Makumbi yanaonyeshwa yanavyosokotwa kamba. Majani yanasukwa makuti, na hapo mwongozaji asisahau kusema: paa la hoteli yako ni hili. Vifuu ni kuni au ni vikombe. Mgeni akielezwa kwamba mnazi wa kienyeji huchukua miaka sita au saba kabla ya kuzaa, na kwamba huu anaouona ulipandwa na babu wa mwenye shamba, ataacha kuuona kama pambo la ufuoni.

Kuhusu mgema, kijiji kiamue chenyewe. Kuna vijiji ambavyo, kwa sababu ya dini, havitaki pombe itajwe kwa wageni, na uamuzi huo uheshimiwe. Kuna vingine ambavyo ugemaji ndio riziki ya watu. Hapo mgeni anaweza kuonyeshwa mgema anavyokata kilele cha karara kwa kotama na kutundika kibuyu, asubuhi na jioni, kila siku, mvua inyeshe isinyeshe. Kuonyesha kazi ni jambo moja na kuuza pombe ni jambo jingine: kuuza kunahitaji leseni.

Chakula kiwe kile kinacholiwa nyumbani. Wageni wana chipsi hotelini. Mahamri na mbaazi asubuhi, au muhogo wa nazi, au sima na mchunga na samaki wa kupaka mchana, vinatosha na vinazidi. Mama anayeandaa chakula cha kijijini kwa kutafuta nyanya za kopo na soda nyingi anatumia pesa kununua kile ambacho mgeni amekikimbia.

Ukienda kusini zaidi, Gazi, akina mama walijenga njia ya mbao inayopita katikati ya mikoko, na wageni hulipa kuipita na kula chakula cha Kiswahili baadaye. Mikoko hiyo hiyo, Gazi na jirani yao Makongeni, imekuwa ikiuzwa kwa njia nyingine pia kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, ambao tangu mwaka 2013 hupokea malipo ya kaboni kwa kuilinda hekta 117. Akina mama wa Wasini nao wana njia yao ya mbao juu ya bustani ya matumbawe. Shimoni wanakijiji wana mapango yao yenye historia ya utumwa. Miradi hii yote ilianza na kitu kilichokuwepo tayari, na inasimamiwa na watu wanaoishi hapo.

Kibuyuni na Mkwiro kuna wakulima wa mwani, wengi wao wanawake. Hili ni shamba lililo baharini. Kamba hufungwa kwenye vigingi, vipande vya mwani hufungwa kwenye kamba, na baada ya wiki sita hivi huvunwa, hukaushwa na kuuzwa, au hutengenezwa sabuni. Mgeni akitaka kuona kazi hiyo sharti afuate maji. Wakulima huingia shambani maji yanapokupwa sana, wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Ajenti wa hoteli atapiga simu na kusema wageni wanakuja Jumanne saa nane mchana. Kama Jumanne hiyo ni maji mafu, au ni saa ambayo bahari imejaa, jibu ni hapana, na jibu hilo litolewe bila woga. Kikundi kikiandika kalenda ya bamvua ya miezi sita na kuipeleka hotelini mapema, ajenti atajifunza kupanga safari kwa mwezi mwandamo, kama wavuvi wapangavyo. Wageni wataupenda utaratibu huo. Kinyume chake ni kuwaita akina mama waache chakula jikoni, waje kusimama majini wakijifanya wanavuna.

Kalenda ya shamba, kwa bahati, inapatana na ile ya hoteli kuliko watu wanavyofikiri. Wakati wa kaskazi, kuanzia Novemba hadi Machi, hoteli hujaa, na huo ndio msimu wa korosho na maembe, wakati shamba lina mengi ya kuonyesha. Masika ya Aprili na Mei yakifika, hoteli hupwaya, na mkulima anatakiwa kondeni kupanda mahindi. Mgeni hamkatizi. Kikundi kinaweza kusema wazi kwamba Aprili na Mei hakipokei mtu.

Sasa pesa. Hapa ndipo vikundi huvunjika, kwa hiyo afadhali maneno yawe marefu kidogo.

Chukulia kwamba wamekuja wageni sita, na kikundi kimeweka bei ya shilingi 1,500 kwa kila mmoja, pamoja na dafu moja na chakula cha mchana. Jumla ni shilingi 9,000. Mkwezi apewe 800, kwa sababu ndiye anayehatarisha shingo yake. Wasukaji makuti wawili wapewe 500 kila mmoja. Chakula, kwa 350 kila sahani, ni 2,100, nazo ziende kwa wapishi moja kwa moja. Mwongozaji 1,000. Aliyewaleta wageni, awe dereva au ajenti, asilimia kumi, yaani 900, na asizidishe. Usafi wa choo na uwanja 300. Mfuko wa kijiji 1,000. Hapo zimekwisha shilingi 7,100, zimebaki 1,900 za mwenye shamba, pamoja na bei ya madafu yake sita.

Mwenye shamba atalalamika kwamba fungu lake ni dogo. Akumbuke kwamba kabla ya hapo alikuwa akiuza madafu sita kwa bei ya madafu sita, na kwamba minazi yake bado imesimama. Akumbuke pia kwamba asiyempa mkwezi haki yake atakosa mkwezi.

Linganisha na hali ilivyo mahali pengi. Wageni hao hao sita wamelipa hotelini kwa ajili ya "ziara ya kijiji". Gari linasimama penye kivuli, dereva anamwita mzee anayemjua, wageni wanazungushwa nyumba mbili tatu, wanapiga picha za watoto, na wakati wa kuondoka dereva anamwachia mzee noti moja. Mama ambaye jiko lake limepigwa picha hajui kama kuna pesa zilizopita. Watoto wamepewa peremende, na wiki ijayo hawataenda shule siku ya gari. Kila mtu ameona wageni wakifika kijijini, na kijiji hakina cha kuonyesha kwa hilo ila makaratasi ya peremende.

Tiba yake si kumfukuza dereva. Dereva anahitajika, ndiye anayejua wageni walipo. Tiba ni kumpa karatasi yenye bei, fungu lake likiwa limeandikwa humo, na nambari ya simu ya kupigia kabla ya kuja. Malipo yaingie kwa M-Pesa katika nambari ya kikundi, si ya mwenyekiti, na risiti itolewe. Kitabu cha wageni kiandikwe siku hiyo hiyo: wangapi, wamelipa ngapi, nani kapata ngapi. Kikae mahali ambapo mwanachama yeyote anaweza kukifungua bila kuomba ruhusa. Mambo haya yanaonekana madogo, lakini kikundi cha watu ishirini kinaweza kuvunjika kwa sababu ya shilingi 400 ambazo hakuna aliyeandika zilikokwenda.

Na anayefanya kazi ndiye apokee. Katika boma nyingi mama husuka, hupika, huchota maji ya kuwanawisha wageni, halafu bahasha hupewa baba kwa sababu ndiye aliyekuwa amekaa mlangoni. Jambo hili lizungumzwe mapema na kwa heshima, kwenye kikao, wanaume wakiwepo.

Wapo watakaouliza: kama faida ipo, kwa nini mtu asiache jembe kabisa akawa mtu wa watalii? Mwaka 2020 ulitoa jibu. Corona ilipofunga viwanja vya ndege, hoteli za Diani zilifunga milango, na waliokuwa wakitegemea mgeni peke yake walirudi mashambani, wengine wakakuta shamba limekwisha kuuzwa. Si mara ya kwanza. Pwani imeona wageni wakikimbia mwaka 1997 na tena mwaka 2008, kila mara kwa sababu ambazo mkulima wa Kinango au Lunga Lunga hakuzianzisha. Mwaluganje nako kuna funzo. Katika miaka ya 1990 familia za Kidigo na Kiduruma zilizokuwa zikiharibiwa mimea na ndovu zilitoa ardhi yao, ikaunganishwa kuwa hifadhi ya jamii kando ya Shimba Hills, na zikawa zinapata mgao kutokana na kiingilio. Ni wazo la busara, na hata mavi ya ndovu yalifanywa karatasi ya kuuzia wageni. Lakini mwaka ambao magari ni machache mgao huwa mdogo, na ndovu hali mgao, hula kile kile alichokula mwaka jana. Familia yenye shamba jingine inavumilia. Isiyo na shamba jingine inabanwa.

Kwa hiyo hesabu ifanywe hivi: shamba lilishe nyumba hata kama hajafika mgeni mmoja mwaka mzima, na pesa za mgeni ziwe za karo, bati, mbegu bora, tangi la maji. Mnazi uliokatwa ili kupanua maegesho ya magari ni hasara mara mbili, kwa kuwa mgeni alikuja kuuona.

Mambo ya sheria yasiwatishe watu. Kwa mujibu wa Katiba, Jedwali la Nne, kilimo, utalii wa mashinani na shughuli za kitamaduni ni kazi za serikali za kaunti, kwa hiyo mlango wa kwanza wa kugonga uko karibu: ofisi ya wadi, kisha idara za utalii na kilimo. Kikundi kisajiliwe chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, kupitia afisa wa maendeleo ya jamii. Wapishi wapimwe na wawe na cheti cha afya. Anayetaka kulaza wageni nyumbani aulize kwanza kuhusu leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii kabla ya kununua hata godoro moja. Na choo kiwe safi, kina maji na sabuni, na mlango unaofungika. Mgeni atasamehe jua, vumbi na kuku mezani. Choo hasamehi.

Vijana wanaotaka kuongoza wageni wasiishie kujifunza Kiingereza na Kijerumani. Wengi wanajua kusema "karibu" kwa lugha tano na hawajui jina la Kidigo la mti ulio mbele yao. Wazee wanaojua majina hayo wanapungua kila mwaka. Kikundi kimpe kila kijana mzee mmoja, watembee pamoja asubuhi mbili tatu, kijana aandike daftarini. Daftari hilo litafaa hata kama biashara haitafaulu.

Kisha kikundi kijaribu kabla ya kumwita mtu wa mbali. Wageni wa kwanza wawe wanafunzi wa shule ya msingi ya jirani, pamoja na walimu wao, kwa ada ndogo au bila ada. Watoto hawana adabu ya kuficha kuchoka. Pale watakapoanza kurusha mawe kwenye maembe, hapo maelezo yamekuwa marefu, yapunguzwe. Pale watakaposongamana na kuuliza, hapo paongezwe. Mwongozaji aangalie saa, mweka hazina ajaribu kuandika kitabu chake, wapishi waone kama sahani zinatosha. Jioni hiyo hiyo kikundi kikae chini ya mnazi, kisikilize walimu wamesema nini, na kirekebishe bei kwenye karatasi ile kabla haijapelekwa kwa dereva yeyote.